Moshi wa Harusi

Kitu cha kwanza alichokiona Mwajabu kilikuwa kitambaa. Kila asubuhi, kabla ya kuanika nguo, alipitisha kitambaa chenye maji juu ya kamba ya uani, kutoka msumari huu hadi msumari ule, na kila asubuhi kitambaa kilirudi cheusi kama kilichofuta sufuria. Asubuhi ile kilirudi kama kilivyokwenda. Alikigeuza upande wa pili, akapitisha tena, polepole, akiibana kamba kwa nguvu. Hakikushika kitu.

Mtu mwingine angefurahi. Mwajabu alikikunja na kukificha chini ya beseni, kama mtu aliyeokota mali ya wizi.

Hewa safi ilikuwa imefika.

Ilishamfukuza kwingine. Mara ya kwanza alikuwa mtoto wa darasa la nne. Mnara wa kufyonza moshi ulisimamishwa karibu na mtaa wao, mama yake akapiga vigelegele pamoja na wenzake, na kabla mvua za vuli hazijakatika kodi ikapanda hata wapiga vigelegele wote wakafunga mizigo. Shule ilibaki kulekule, yeye akaenda huku. Mara ya pili mama alikuwa ameshafariki. Mwajabu alihama peke yake na godoro, sufuria, na mkebe wa udi. Watu aliokua nao walitawanyika kama mchele uliomwagika njiani, asijue hata mmoja anaishi wapi.

Ndivyo Tanga ilivyokuwa siku hizo. Katika kila kichochoro palifungwa jicho, tufe la kioo lenye ukubwa wa dafu, likivuta hewa mchana kutwa, likichuja vumbi lake na kuonyesha rangi. Kahawia ni hewa mbaya. Manjano ni ya kati. Buluu ni hewa ya kuvuta mpaka tumboni. Kodi ya vyumba vyote vya kichochoro iliifuata rangi hiyo kila mwisho wa mwezi, bila mwenye nyumba kufungua kinywa. Kule Raskazoni macho yalikuwa ya buluu tangu Mwajabu hajazaliwa. Kichochoro cha Makaa kilikuwa kahawia, na kwa sababu hiyo kilijaa watu.

Jicho la kichochoro lilifungwa juu kidogo ya dirisha lake. Alitoka, akaliinulia uso. Bado kahawia. Lakini ukingoni, pale kioo kinapokutana na chuma, palikuwa na weupe mdogo kama ukucha wa mtoto.

Na kulikuwa na jambo jingine, ila hilo alikuwa amelijua kwa sikio. Chumba cha pili kilikuwa kimya.

Humo alikaa Shekue. Zamani alikuwa kibarua wa minara, kazi yake kukung'uta vichujio, zile shuka nene zinazonasa moshi, ili minara iendelee kusafisha hewa ya watu wengine. Alichokikung'uta kilimwingia kifuani, na kifua kilipochoka wakamwachisha. Sasa alishona viatu mlangoni. Alikuwa mtu wa makamo, aliyefiwa na mke, mpole. Katika miaka yote ya kupakana ukuta yeye na Mwajabu walikuwa wamepeana salamu tu, na mara moja walizungumza kuhusu kunguni. Lakini kikohozi chake Mwajabu alikijua kama watu wanavyoijua adhana. Kilianza wakati wa kuwasha taa, kikapumzika, kikarudi alfajiri. Siku kadhaa sasa hakikuja, na siku hizo zote Mwajabu alikuwa akijigeuzageuza kitandani bila kutaka kujua kinachomnyima usingizi.

*

Hakumwambia mtu habari ya kamba. Mwajabu hakuwa mtu wa kuambia watu mambo. Ila kamba ya uani ni ya wote, na jioni wanawake walipokutana pale bombani Bi Chiku hakuzunguka.

“Nani mwingine kaona?”

Bi Chiku aliuza mihogo ya kukaanga, alikuwa na nyumba nzima ya watoto na wajukuu, na sauti yake ilikuwa ikifika kabla yake.

“Mimi nimeona tangu juzi,” alisema Somoe, mke kijana wa chumba cha mwisho. “Nikadhani mume wangu kaifuta kamba.”

“Mume wako kafuta nini maishani mwake?”

Walicheka. Kisha kicheko kikaisha chote kwa pamoja, maji yakaendelea kulia ndooni.

“Mwezi ukiisha jicho likiwa manjano,” alisema Bi Chiku, “mimi na hawa wangu tunakwenda wapi? Kila kichochoro cha kahawia kimejaa. Watu wanalala kwa zamu.”

“Tuchome matairi.”

“Uchome ukafungwe. Kulichafulia jicho ni jela, Somoe.”

“Moshi wa msiba si jela. Wala wa ibada, wala wa harusi. Mamlaka ya Hewa wenyewe walitangaza.”

“Haya, tutafute msiba. Tumuue nani?”

“Mume wangu yupo.”

Wakacheka tena, lakini Bi Chiku hakucheka safari hii. Alikuwa ametazama juu, kwenye jicho.

“Harusi,” alisema. “Mwali akiwekwa ndani anafukizwa asubuhi na jioni, nani atauliza? Tena udi si moshi. Udi ni harufu.”

Hakuna aliyebisha, kwa sababu wote waliamini hivyo. Mwajabu mwenyewe aliamini, naye ndiye aliyekaanga udi wa mtaa mzima, sukari na vipande vya mti na marashi, kama mama yake alivyomfundisha. Mama alikuwa akisema moshi wa kuni huua macho na moshi wa magari huua kifua, lakini moshi wa udi hufukuza mashetani tu. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kile kinacholidanganya jicho kinaweza pia kuingia puani mwa mtu kikafanya kazi ileile.

“Mwali nani sasa?” aliuliza Somoe.

Vichwa viligeuka, kimoja kikifuata kingine, vikamkuta Mwajabu kwenye ngazi na ndoo yake.

“Dirisha ni lake,” alisema Bi Chiku. “Udi ni wake. Na mume hana.”

Mwajabu alihisi masikio yakimwaka. “Watu watanitazama,” alinong'ona.

“Mwali hatazamwi, mwanangu. Mwali anafichwa. Kazi hii wewe Mungu kakuumbia.”

*

Wakamweka ndani.

Kwanza alidhani ingekuwa ni kuwasha chetezo cha udi tu na kukaa. Lakini wanawake wa Kichochoro cha Makaa hawakujua kufanya harusi nusu. Walileta mkeka. Walimsugua msio, rojo la manukato, mwili mzima mpaka ngozi ikanukia. Somoe alimchora piko mikononi na miguuni, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika, na Bi Chiku alimweka katikati ya magoti yake akamsuka nywele, akimsimulia uongo wa wanaume aliowakataa zamani. Kwenye kona chetezo kiliwaka. Moshi ulipanda, ukajikunja darini, ukatoka dirishani, ukalifikia jicho.

Ule weupe wa ukingoni ulipotea. Jicho likarudi kahawia, zito kama chai ya mkandaa.

“Limelewa,” Somoe alisema, akichungulia. “Mwaka huu hatuhami.”

Jioni waliimba. Mwajabu alikaa chini ya kanga yake, magoti kifuani, akawasikiliza. Kila mmoja aliyeingia alimgusa: begani, kichwani, mkononi kuona kama piko imeshika. Tangu mama alipofariki hakuna mtu aliyekuwa amemsuka. Mara nyingine alisahau kwamba hakuna bwana. Alikuwa akijiona kweli mwali, na kweli nyumba hii imejaa kwa ajili yake, akawa anaongeza udi makaani kabla hajaambiwa.

Kisha kikohozi kilirudi.

Kilirudi mchana, saa ambayo si yake. Mwajabu aliinua kichwa. Kikatulia, kikaanza tena, na mwisho wake kilikuwa na mkwaruzo ambao hakuujua.

“Shekue,” alisema.

“Huyo kikohozi ni jina lake la pili,” alijibu Bi Chiku. “Inamisha kichwa nimalizie kisogoni.”

Akainamisha.

*

Mamlaka walimtuma msichana. Alivaa buibui la kijivu, viatu vya kazi, na mkononi alishika kifaa kidogo ambacho alikitazama kuliko alivyowatazama watu. Alisimama mlangoni mwa Mwajabu akavuta pumzi.

“Udi mzuri,” alisema. “Kazi ya nani?”

“Ya bibi harusi mwenyewe,” alijibu Bi Chiku. “Karibu, mwanangu. Vua viatu.”

“Sikai, mama. Nimekuja kwa jicho. Mnara wa huku unasema hapa pamesafika. Vichochoro vya jirani vimekuwa manjano vyote. Jicho lenu peke yake linakataa.”

“Jicho la watu wazima hilo. Lina mambo yake.”

Msichana alitabasamu kidogo. “Moshi wa harusi hauna kosa. Lakini harusi ina watu wawili. Bwana harusi yuko wapi?”

Somoe na Bi Chiku walijibu pamoja.

“Yuko safarini.”

“Yuko chumba cha pili.”

Chini ya kanga Mwajabu alifumba macho.

“Safari yenyewe,” alisema Bi Chiku taratibu, “ni ya kutoka chumba kile kuja chumba hiki. Maskini, hana nauli.”

Wanawake wakaziba midomo. Msichana hakucheka. Aligeuka, na hatua zake zikasikika zikienda mlango wa pili. Sasa Mwajabu alikuwa akisikiliza kwa ngozi ya mwili wake wote. Alisikia hodi. Alisikia kigoda kikisogezwa.

“Kaka, samahani. Wewe ndiye unayemwoa huyu jirani?”

Shekue hakuwa ameambiwa lolote. Hakuna aliyekumbuka kumwambia. Angeweza kusema hapana, ikaisha, na wote wakafungwa.

“Kama yeye amekubali,” sauti yake ilisema, “mimi nani nikatae?”

Kisha akakohoa. Alikohoa mpaka msichana akasema, kwa sauti nyingine kabisa, “Kaka, unaumwa. Hapa kwako moshi umejaa. Ukitaka niandike kwamba unakuumiza, watauzima leo.”

“Ni udi,” alisema Shekue kwa shida. “Ni harusi yangu.”

Hatua zikaondoka. Wanawake wakasubiri zifike barabarani, halafu wakaangukiana kwa kicheko. “Mimi nani nikatae,” Somoe alirudia, akijipiga mapaja. “Hata wangu hakusema hivyo.”

Mwajabu peke yake ndiye aliyeusikia ukuta. Kikohozi kilikuwa kimekwisha, na kilichobaki kilikuwa pumzi ya kuvuta, nyembamba, kama mtu anayenyonya maji kwa mrija uliotoboka. Ilivuta, ikasimama. Mwajabu naye akasimamisha pumzi yake. Ikavuta tena.

“Anaumwa,” alisema.

Walikuwa wameshaanza kuimba.

*

Siku iliyofuata alijaribu kulifikiria jambo hilo kama mtu anayepanga vyombo, kila kimoja mahali pake, lakini havikupangika. Udi ukizimwa, jicho litasema kweli, kodi itapanda, na Kichochoro cha Makaa kitatawanyika. Shekue mwenyewe atahama na wenzake, aende kahawia nyingine, akohoe huko. Atakuwa amepata hewa ya majuma machache tu. Udi ukiendelea, wote watabaki, ila yeye huenda asibaki. Ni haki gani ya kuwatoa watu wote ili mtu mmoja apumue kwa muda mfupi? Na ni haki gani ya kumziba pumzi mtu aliyewasitiri?

Kulikuwa na kitu cha tatu, na hicho kilimwaibisha hata mbele ya nafsi yake. Hakutaka harusi iishe.

Alasiri Bi Chiku alileta makaa mapya, akayapanga chetezoni kwa koleo, akanyoosha mkono kupokea udi. Mwajabu alikuwa ameushika mkebe. Ukutani pumzi ilivuta, ikasimama. Alisubiri. Ilikawia sana.

Aliuweka mkebe chini, akachukua kata ya maji iliyokuwa karibu na mtungi, akaimimina juu ya makaa.

Majivu yaliruka. Somoe alisimama na kanga yake.

“Umefanya nini?”

“Shekue.”

“Shekue anakohoa tangu tumjue,” alisema Bi Chiku.

“Alikuwa ameacha.” Mwajabu alisikia sauti yake ikitetemeka, lakini ilitoka. “Hewa ilipokuja aliacha. Nyinyi hamkusikia, mimi nilisikia. Ni sisi tumemrudishia.”

Walitarajia Bi Chiku apige kelele. Hakupiga. Alikaa chini, koleo mkononi, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikupita mlango.

“Na wangu je? Hao huwasikii?”

“Nawasikia.”

“Wewe unabeba godoro unakwenda. Mimi nina nyumba nzima mgongoni, Mwajabu. Nikafikie wapi?”

“Sijui, Bi Chiku.”

“Hujui.”

“Sijui.”

Bi Chiku alimtazama kitambo, akaingiza mkono chini ya kilemba na kujikuna, kama anayetafuta neno huko. Akainuka. Somoe alikunja mkeka, maana mkeka ulikuwa wake. Mwingine alichukua kioo, mwingine sahani ya msio. Walitoka mmoja mmoja. Hakuna aliyemtukana. Angetukanwa angepata nafuu.

Chumba kilirudia ukubwa wake wa zamani.

*

Mwali hatoki nje kabla ya siku yake, na hata kama harusi ilikuwa ya uongo, miguu ya Mwajabu iliona haya kuvuka kizingiti ikiwa imechorwa vile. Uani hapakuwa na mtu. Milango yote ilikuwa imefungwa, jambo ambalo hutokea mchana kwa msiba tu. Alipiga hodi mlango wa pili.

Shekue alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, mabega yamepanda. Dirisha lake lilikuwa wazi. Alimwona, akataka kucheka, pumzi haikumruhusu.

“Mwali hatoki,” alisema.

“Nimezima.”

“Nimesikia. Hata Bi Chiku akinong'ona nasikia.” Alipumzika. “Ningevumilia. Mwezi unakaribia kwisha.”

“Na mwezi mwingine?”

Mwajabu aliketi kwenye kigoda cha kushonea viatu, kwa sababu hakikuwepo kingine, na wote wawili wakatazama dirisha. Moshi wa mwisho ulikuwa ukitoka chumbani kwa Mwajabu upande wa pili, mwembamba, unapotea. Baada ya muda kifua cha Shekue kilishuka kidogo. Kisha kidogo tena. Mwajabu alikuwa akikiangalia kama watu wanavyoangalia sufuria ya maziwa.

“Basi nitakaa hapa nipumue mpaka wanifukuze,” alisema Shekue. “Halafu nitatafuta kahawia yangu mahali. Mtu huvuta hewa anayoimudu.”

“Kwa nini hukumwambia yule msichana?”

“Nimwambie nini? Mfungwe nyote, mimi nibaki nikipumua peke yangu? Ya nini?”

Mwajabu aliitazama sakafu. Maneno yalikuwa yamemkaa tangu alipovuka kizingiti, na yalikuwa mazito kama beseni la nguo zilizoloa.

“Kodi ya manjano,” aliiambia sakafu, “mtu mmoja haiwezi. Wawili wakilipia chumba kimoja hapahapa, wanaiweza. Kwa taabu, lakini wanaiweza. Bi Chiku hawezi, wao wameshabanana. Sisi tuna vyumba viwili na kila kimoja kina mtu mmoja.”

Nje jicho lilikuwa likivuta hewa, unasikika ule mluzi wake mdogo ambao watu huacha kuusikia wakishauzoea.

“Ulimwambia yule msichana ndiyo,” Mwajabu aliendelea, haraka sasa, “na mimi sikusema hapana.”

“Mwajabu.” Alikuwa hajawahi kulitaja jina lake bila salamu mbele. “Unanihurumia? Au ni kwa sababu ya kodi?”

Jibu lilikuwa tayari, na lilikuwa jepesi. Kodi. Kodi haimwaibishi mtu. Mji mzima uliishi kwa kodi, watu walioana kwayo na kuachana kwayo, na yeye angeinuka na heshima yake yote akaenda kufagia majivu. Alifungua kinywa aliseme.

“Si kodi,” alisema. “Nilipohamia hapa, kitanda changu kilikuwa chini ya dirisha. Nilikisogeza mpaka kikagusa ukuta wako, ili nikusikie. Ulipoacha kukohoa nilifurahi kwa ajili yako. Halafu nikalia, maana sikusikia mtu tena.” Aliinua uso. “Mimi ni mpweke, Shekue. Nimekuwa mpweke tangu mama alipofariki, na sijapata kumwambia mtu.”